Njano ya skrini iko wapi? Jibu kuhusu namna tunavyoona rangi

Swali: Nimesoma kwamba skrini ya simu haina nukta hata moja ya njano. Ina nyekundu, kijani na buluu tu, na njano yote ninayoiona pale ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja. Lakini hata nikikodoa macho naona njano tupu. Sioni chembe ya nyekundu wala ya kijani. Je, njano hiyo ni ya kweli, au macho yangu yanadanganywa? Kama yanadanganywa, rangi hasa iko wapi: kwenye kitu, kwenye mwanga au kichwani mwangu? Na nitajuaje kwamba njano yangu ndiyo njano ya mwenzangu?

Jibu: Ulichokisoma ni sahihi, na unachokiona nacho ni sahihi. Mambo hayo mawili yanaonekana kugongana kwa sababu tumezoea kulifikiria jicho kama chombo cha kupimia: mwanga wa aina fulani unaingia, jicho linasoma aina yake, kisha ubongo unapokea jibu. Lau jicho lingekuwa hivyo, njano ya skrini ingekuwa ulaghai mtupu. Lakini jicho halipimi aina ya mwanga, linalinganisha. Linalinganisha seli na seli, sehemu moja ya mandhari na sehemu iliyo jirani yake, hali ya sasa na hali iliyotangulia, na rangi ni tunda la malinganisho hayo. Nitaifuata njano yako kuanzia kwenye mwanga hadi ubongoni, kwa kuwa karibu kila jambo la maana katika somo hili hupitia kwenye njano.

Mwanga tunaouona ni kipande chembamba cha mawimbi ya sumaku-umeme, yenye urefu wa takriban nanomita 380 hadi 750 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Isaac Newton alipoupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu, katika majaribio aliyoyaanza miaka ya 1660, alionyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko, na kwamba kila sehemu ya mchanganyiko huo hupinda kwa kiasi chake. Jambo linalosahaulika ni onyo alilolitoa katika kitabu chake kuhusu mwanga cha mwaka 1704: kwamba tukitaka kusema kwa usahihi, miale haina rangi, bali ina uwezo wa kuamsha hisia ya rangi hii au ile ndani ya mtazamaji. Walimu wangelianza somo la upinde wa mvua kwa onyo hilo, nadhani maswali kama lako yangetusumbua kidogo zaidi utotoni na kidogo sana ukubwani.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba wenye seli zinazohisi mwanga. Seli hizo ni za aina kuu mbili, nazo zimepewa majina kwa maumbo yake. Fito, ambazo ni zaidi ya milioni 90 katika kila jicho, hufanya kazi kwenye mwanga hafifu. Koni, takriban milioni 6, hufanya kazi mchana na ndizo zinazotupatia rangi. Ndani ya kila seli mna protini iitwayo opsini, ambayo imeshika molekuli ndogo itokanayo na vitamini A. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inaponaswa, molekuli hiyo iliyojikunja hunyooka, opsini hubadilika umbo, na mfululizo wa mabadiliko ya kikemia huishia katika badiliko la umeme wa seli.

Hapa pana jambo moja ninaloomba ulishike vizuri, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Seli ikishainasa fotoni, haibaki na kumbukumbu yoyote ya urefu wa wimbi lake. Urefu wa wimbi huamua tu uwezekano wa fotoni kunaswa. Baada ya hapo, fotoni ya wimbi fupi na fotoni ya wimbi refu huacha alama ileile. Kwa hiyo koni moja, ikiwa peke yake, inajua kusema kiasi tu: kingi au kidogo. Mwanga mkali wa wimbi ambalo koni hulinasa kwa shida, na mwanga hafifu wa wimbi ambalo hulinasa kwa urahisi, huweza kuamsha mwitikio uleule, nayo haina njia ya kutofautisha. Kila koni, kwa maana hiyo, ni kipofu wa rangi. Rangi huanza pale majibu ya koni za aina tofauti yanapowekwa sambamba.

Kwamba aina tatu za vihisio zinatosha lilikuwa wazo la Thomas Young, daktari Mwingereza, aliyelieleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1801 kwa nguvu ya hoja tu. Aliona kwamba haiwezekani kila sehemu ndogo ya retina iwe na kihisio cha kila rangi, kwa kuwa rangi hazina idadi, na kwa hiyo lazima vihisio vichache vigawane kazi. Mwanzoni alizitaja nyekundu, njano na buluu. Mwaka uliofuata akabadilisha orodha ikawa nyekundu, kijani na urujuani, na njano ikapoteza nafasi yake. Wanasayansi Hermann von Helmholtz na James Clerk Maxwell waliliendeleza wazo hilo, na mwaka 1861 Maxwell akalionyesha hadharani mjini London kwa kutupa ukutani picha tatu za utepe mmoja, kila moja kupitia kichujio cha rangi yake, zikapandana na kuwa picha moja ya rangi. Skrini yako ni mjukuu wa onyesho lile.

Leo tunajua kwamba koni za aina ya kwanza huitikia zaidi mawimbi ya karibu nanomita 420, za pili karibu 530, na za tatu karibu 560. Vitabu vingi huziita koni za buluu, za kijani na za nyekundu, na mimi sipendi majina hayo, kwa sababu mwanga wa nanomita 560, ambao koni zinazoitwa nyekundu huuitikia zaidi, ukiutazama wenyewe utauita kijani kinachoelekea njano. Ni salama zaidi kuziita koni fupi, za kati na ndefu, tukimaanisha mawimbi. Zingatia pia kwamba koni za kati na ndefu zimekaribiana mno: mawimbi karibu yote yanayoziamsha hizi huziamsha na zile, ila kwa kiasi tofauti.

Sasa turudi kwenye skrini. Taa ya sodiamu hutoa mwanga wa takriban nanomita 589, ambao ni njano ya wimbi moja. Mwanga huo huziamsha sana koni ndefu, huziamsha pungufu kidogo koni za kati, na koni fupi karibu hauzigusi. Skrini haina wimbi hilo, lakini huwasha nukta nyekundu na nukta za kijani zilizo ndogo na zilizokaribiana kiasi kwamba jicho halizitenganishi. Mwanga wa nukta hizo, ukijumlishwa, nao huziamsha sana koni ndefu, pungufu kidogo koni za kati, na koni fupi kidogo mno. Ukirekebisha mwangaza wa nukta hizo ipasavyo, uwiano wa majibu ya koni tatu unakuwa karibu uleule. Na kwa kuwa ubongo haupokei chochote kuhusu rangi ila kile kilichotoka kwenye koni, hakuna kituo chochote mbele ya safari kinachoweza kuchimbua upya nyekundu na kijani zilizoingia. Ndiyo maana hata ukikodoa macho namna gani, huzipati.

Sikio halifanyi hivyo. Noti mbili zikipigwa pamoja, sikio huzisikia zote mbili, kwa sababu sikio la ndani lina maelfu ya vihisio vilivyopangwa kwa zamu kuanzia sauti nene hadi nyembamba. Jicho lina aina tatu tu za koni, lakini limetawanya koni hizo kila mahali ili lijue mwanga umetoka upande gani, jambo ambalo sikio hulijua kwa shida. Kila kiungo kimelipia ubora wake kwa upungufu wake.

Je, huko ni kudanganywa? Kwa maoni yangu, hapana. Njano haijawahi kuwa jina la nanomita 589. Ua la njano lililo juani halirudishi wimbi moja. Hufyonza mawimbi mafupi na kurudisha mengine karibu yote, kuanzia yale ya kijani hadi yale ya nyekundu. Njano ya ua, kama njano ya skrini, ni nyekundu na kijani zilizofika pamoja, na kwa hesabu hiyo skrini inakaribiana na ua kuliko taa ya sodiamu inavyokaribiana nalo. Tofauti ya kweli hujitokeza unapoumulikia mwanga huo kitu kingine: kitambaa chekundu chini ya taa ya sodiamu ya wimbi moja huonekana cheusi au cha kijivu chafu, ilhali kikimulikwa na njano ya skrini hubaki chekundu, kwa sababu humo mna mawimbi ya nyekundu ya kurudisha. (Ukichanganya rangi za kupaka, nyekundu na kijani, hupati njano bali uchafu wa hudhurungi, kwa kuwa kila rangi ya kupaka hufyonza sehemu yake ya mwanga na mchanganyiko hubakiza kidogo; nukta za skrini huongeza mwanga, rangi za kupaka hupunguza.)

Hata hivyo, koni tatu peke yake hazilijibu swali lako lote, na umeligusa hasa pale zinaposhindwa. Umesema huoni chembe ya nyekundu wala ya kijani. Kwenye rangi ya chungwa tunaona wekundu na njano kwa pamoja. Kwenye zambarau tunaona wekundu na buluu. Kwa nini basi nyekundu na kijani zikikutana hatuoni nyekundu yenye ukijani, bali kitu cha tatu kisichofanana na chochote kati yake? Ewald Hering, mwanafiziolojia Mjerumani, aliliuliza swali hilo katika miaka ya 1870, akajibu kwamba hisia za rangi zimepangwa kwa jozi zinazopingana: nyekundu dhidi ya kijani, njano dhidi ya buluu, nyeupe dhidi ya nyeusi. Kuona upande mmoja wa jozi ni kutouona upande wa pili, mahali palepale na wakati uleule.

Wafuasi wa Helmholtz na wafuasi wa Hering walibishana kwa miongo kadhaa, kumbe kila kundi lilikuwa linaeleza ghorofa yake ya nyumba moja. Koni ni tatu, kama alivyosema Young. Lakini majibu yake hayapelekwi ubongoni yalivyo. Ndani ya retina yenyewe, mkondo mmoja hutoa tofauti kati ya koni ndefu na koni za kati, na mkondo wa pili hulinganisha koni fupi na jumla ya hizo mbili. Katika miaka ya 1950 Leo Hurvich na Dorothea Jameson, nchini Marekani, walipima jozi za Hering kwa watu, wakitafuta ni kiasi gani cha mwanga wa upande mmoja kinachofuta hisia ya upande wa pili. Na kurekodi umeme wa seli za samaki na nyani kulithibitisha kwamba zipo seli zinazochangamka kwa mawimbi fulani na kunyamaza kwa mengine.

Sasa njano yako imepata mahali. Nyekundu na kijani za skrini zikilingana, mkondo wa nyekundu na kijani unabaki katikati: hausemi nyekundu, hausemi kijani. Wakati huohuo mkondo wa pili unaona jumla ya koni ndefu na za kati ikiwa kubwa na koni fupi zikiwa kimya, nao unaegemea upande wa njano. Kinachobaki ni njano safi. Hukuiona nyekundu wala kijani kwa sababu zimefutana kabla habari haijatoka machoni. Lazima niongeze tahadhari moja: mikondo ya seli zilizopimwa haikai sawasawa juu ya jozi za Hering, kwani mkondo wa kwanza huelekea wekundu wa waridi upande mmoja na kijani chenye ubuluu upande wa pili. Gamba la ubongo, lililo kisogoni, lazima liendelee kuichanganya mikondo hiyo kabla hatujapata nyekundu na njano tunazozitaja kwa majina.

Kwa nini jicho lijisumbue kutafuta tofauti badala ya kupeleka majibu yalivyo? Neva inayotoka katika kila jicho ina nyuzi takriban milioni 1 tu, nazo zinahudumia seli zaidi ya milioni 90. Koni ndefu na za kati, kwa jinsi zinavyokaribiana, ni kama mashahidi wawili wanaosimulia tukio lilelile: karani mwerevu haandiki maelezo ya kila mmoja kwa ukamilifu, anaandika walichokubaliana na pale walipotofautiana.

Ulinganisho hauishii kwenye koni za mahali pamoja. Tazama mraba wa njano kwa nusu dakika bila kuhamisha macho, kisha hamishia macho kwenye karatasi nyeupe. Utaona mraba unaoelekea buluu, kwa sababu mwanga mweupe sasa unalinganishwa na hali ambayo jicho limekwisha kuizoea. Gaspard Monge aliwaonyesha wanasayansi wenzake mjini Paris mwaka 1789 kwamba karatasi nyekundu ikitazamwa kupitia kioo chekundu haiongezeki wekundu, kama mtu angetarajia, bali hupauka na kukaribia weupe. Kila kitu kikiwa chekundu, wekundu huhesabiwa kuwa ni wa taa, na ubongo huutoa. Kwa njia hiyohiyo karatasi yako hubaki nyeupe chini ya taa ya njano na chini ya anga ya buluu, ingawa mwanga unaofika machoni umebadilika sana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hudhurungi. Hakuna mwanga wa hudhurungi, wala huwezi kuwasha taa ya hudhurungi katika giza. Hudhurungi ni mwanga wa chungwa au wa njano ulio hafifu kuliko vitu vilivyouzunguka. Ondoa mazingira yake, uutazame peke yake gizani, nao hurudi kuwa chungwa. Ile picha ya gauni iliyogawanya watu mtandaoni kuhusu rangi yake mwaka 2015 ilikuwa jambo la jamii hiyohiyo. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi, lakini picha haikuonyesha wazi ni mwanga wa aina gani ulioliangukia. Waliochukulia kwamba limo kivulini, chini ya mwanga wa buluu, waliutoa ubuluu bila kujua, wakaona nyeupe na dhahabu. Waliochukulia mwanga wa njano waliitoa njano, wakaona buluu na nyeusi. Nukta za picha zilikuwa zilezile kwa wote.

Umeuliza rangi iko wapi. Lugha yetu inaelekea kuiweka kwenye kitu: kijani kimetoka kwenye majani, kijivu kwenye majivu. Lugha haijakosea sana. Kitu kina tabia ya kudumu ya kurudisha baadhi ya mawimbi na kufyonza mengine, na kazi yote ya kulinganisha ina lengo la kuikisia tabia hiyo licha ya taa kubadilika. Lakini tabia hiyo ni mstari mrefu wa mamia ya vipimo, na tunachopata sisi ni muhtasari wa namba tatu uliosahihishwa kwa kutazama jirani. Njano ni jina la muhtasari huo. Haiwezi kuwekwa kwenye kitu peke yake wala kichwani peke yake, kama vile urefu wa kivuli usivyoweza kuwekwa kwenye mti bila kulitaja jua.

Limebaki lile la mwenzako. Hisia yenyewe, jinsi njano ilivyo kwa ndani, haina chombo cha kuipima; lakini sehemu kubwa ya swali lako inapimika, na kwa bahati njema hupimwa kwa njano. Mwaka 1881 mwanafizikia Lord Rayleigh aliwapa watu njano ya wimbi moja upande mmoja, na upande wa pili nyekundu na kijani za kuchanganya hadi pande zifanane. Wengi walikubaliana kwa karibu sana, lakini wachache walihitaji mchanganyiko tofauti kabisa na wakauona sawasawa. Opsini za koni ndefu na za kati zinafanana kwa takriban asilimia 96, na jeni zake zimekaa bega kwa bega kwenye kromosomu ya X, jambo linalofanya zipotee au zichanganyike kwa urahisi. Mwanamume ana kromosomu moja tu ya aina hiyo, hana akiba. Ndiyo sababu miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya takriban asilimia 8 ya wanaume wana kasoro ya kuona nyekundu na kijani, na wanawake ni takriban nusu asilimia. John Dalton, mkemia aliyeieleza hali yake mwenyewe mwaka 1794, aliamini kwamba maji ya ndani ya jicho lake yalikuwa ya buluu, akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 maji yalikutwa safi. Kipande cha jicho kilichohifadhiwa kilipimwa jeni mwaka 1995, ikaonekana kwamba alikosa opsini ya koni za kati.

Hata miongoni mwa wasio na kasoro, retina zinatofautiana kwa kiasi cha kushangaza. Picha za retina za watu walio hai zimeonyesha kwamba mmoja anaweza kuwa na koni ndefu karibu sawa na za kati, na mwingine akawa nazo zaidi ya kumi kwa kila moja ya kati. Kwa hesabu ya kawaida, wa pili angepaswa kuiona dunia nzima ikielekea wekundu. Lakini wakiombwa waonyeshe ile njano isiyo na wekundu wala ukijani, wote wawili huonyesha karibu wimbi lilelile, kwenye nanomita 575 hadi 580. Inaonekana ubongo hauchukui katikati ya mizani yake kutoka kwenye hesabu ya koni, bali kutoka kwenye mwanga unaoingia siku baada ya siku, ambao kwa watu wote ni karibu mmoja. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2002 waliwavisha watu wazima vichujio vya rangi kwa saa kadhaa kila siku. Baada ya siku kadhaa njano yao safi ilikuwa imehama, na walipoacha kuvivaa haikurudi mahali pake papo hapo.